Kufundisha Safari za Samaki Penye Madaraja na Malambo

Katika shule nyingi za msingi samaki hufundishwa akiwa amelala ubaoni. Mwalimu huchora mwili, mapezi, matamvua na mkia, wanafunzi hunakili, kipindi kikaisha. Michoro hiyo ina kazi yake, lakini humwacha mtoto akidhani kwamba samaki hukaa mahali pamoja kama jiwe. Mwanachuo atakayepangiwa Kwamsisi, au kijiji kingine chochote cha Handeni na Korogwe, atakuwa na wanafunzi wanaovuka kijito kila asubuhi juu ya daraja au kalavati. Kwa maoni yetu somo la samaki lianzie hapo.

Tuangalie kwanza mambo yenyewe, kwani mwalimu asiyeyajua hawezi kuyauliza vizuri. Kambare hungoja mvua. Mto unapofurika hupanda na kuingia katika mabonde yaliyofunikwa na maji ili kutaga mayai. Maji yanapopungua hana budi kurudi, ama sivyo atabaki dimbwini. Ana kiungo cha kupumulia hewa, hivyo aweza hata kujiburura kwenye majani mabichi, jambo ambalo samaki wengi hawaliwezi. Mkunga wa mito ya pwani yetu ana safari ndefu zaidi. Huzaliwa katika Bahari ya Hindi, huingia mitoni akiwa mdogo, hukulia huko miaka mingi, kisha huteremka tena baharini kuzaa na kufa. Ukimzibia njia ya kupanda hakui mtoni, na ukimzibia ya kushuka hazai. Perege hana safari kubwa namna hiyo, ila naye huhitaji kutoka dimbwi hadi dimbwi kiangazi kinapokaribia. Wanafunzi wa Korogwe wafurahi kujua kwamba wako perege wawili ambao wataalamu waliwaeleza mwaka 1955, na majina yao ya kisayansi yamebeba jina la Korogwe na jina la Pangani.

Mto Pangani umejengwa mara nyingi. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilizibwa katika miaka ya 1960. Hale, wilayani Korogwe, palianza kutoa umeme mwaka 1964, na kituo kipya cha Maporomoko ya Pangani kikafuata mwaka 1995. Mwalimu asiyataje mabwawa hayo kama maadui. Yanatoa umeme, na Nyumba ya Mungu palipata wavuvi wengi baada ya bwawa kujaa. Ukweli ni kwamba bwawa huwapa nafasi samaki wapendao maji yaliyotulia, na huwanyima wale waishio kwa kusafiri. Mtoto wa Darasa la Sita anaweza kuyashika mambo yote mawili pamoja, iwapo mwalimu mwenyewe hatamlazimisha kuchagua moja.

Hata hivyo kipindi chenyewe tungekijenga juu ya kalavati, maana bwawa kubwa liko mbali na halipimiki kwa kamba. Kalavati humzuia samaki kwa njia tatu. Mdomo wake wa chini ukining'inia juu ya maji, samaki mdogo haufikii. Maji yakitandazwa juu ya saruji pana, kina hakitoshi kumfunika mgongo. Na mkondo mpana ukibanwa katika njia nyembamba, maji hukimbia kupita nguvu zake. Njia hii ya tatu ndiyo iliyo tajiri kwa mwalimu, kwa sababu inaingia katika Hisabati.

Tuseme kijito kina upana wa mita 3, kina cha mita 0.2, na maji yanakwenda mita 0.3 kwa sekunde. Yakipitishwa katika kalavati la pembe nne lenye upana wa mita 1, kina kikabaki kile kile, mwendo utakuwa mita 0.9 kwa sekunde. Samaki wengi wadogo wakikaza nguvu zote huweza kwenda kiasi cha urefu wa mwili wao mara kumi kwa sekunde moja. Basi samaki wa sentimita 10 atakwenda mita 1. Atakuwa akisonga mbele mita 0.1 tu kila sekunde. Kalavati lenye urefu wa mita 8 atalimaliza kwa sekunde 80, ilhali nguvu za namna hiyo hudumu sekunde chache tu. Acha darasa lifike kwenye jibu hili lenyewe. Usilitangulize.

Mwendo wa maji hupimwa kwa kijiti kikavu: pima mita 10 kando ya kijito, tupa kijiti, hesabu sekunde. Lakini wanafunzi wasiingie majini. Penye maji yaliyotuama kuna kichocho, na kando ya mto mkubwa kuna mamba; mwalimu akague mahali siku moja kabla, na kama hapafai, afanyie kazi yote uwanjani. Sinia la mchanga lililoinamishwa, nusu ya mwanzi uliopasuliwa na kopo la maji vyatosha. Mimina maji juu ya mchanga wazi, kisha yapitishe ndani ya mwanzi, na uwaulize wanafunzi ni wapi kijiti kilikimbia zaidi. Halafu panga vijiwe ndani ya mwanzi, urudie. Watoto wataona wenyewe kwamba nyuma ya kila kijiwe maji yametulia kidogo, na kwamba hapo ndipo samaki angepumzika.

Kutokana na jaribio hilo wataweza kupendekeza karibu yote wanayoyafanya wahandisi wenye uangalifu: kalavati liwe pana kama kijito, sakafu yake izame chini ya usawa wa mchanga, lifuate mwinamo wa kijito, na ndani yake yabaki mawe. Yapo mengine ambayo mwalimu itambidi aeleze. Ujenzi ufanywe kiangazi, na maji yapewe njia ya kando badala ya kuzibwa yote. Saruji mbichi isioshewe mtoni, kwa kuwa maji yake ya chokaa huua samaki. Katika nchi nyingine mabwawa hujengewa ngazi za maji. Bonneville, kwenye mto Columbia huko Marekani, ngazi hizo zipo tangu mwaka 1938. Zilikusudiwa hasa samaki hodari wa kuruka, kwa hiyo kuzinakili kwa ajili ya mkunga, ambaye hutambaa juu ya mawe yenye unyevu, hakufai.

Swali moja litaulizwa kwa hakika, na pengine na mzazi: watu wana kiu, nanyi mwahangaikia samaki? Handeni ni nchi ya ukame, na lambo ni uhai. Mwalimu alijibu kwa heshima na kwa ufundi: lambo laweza kuchimbwa kando ya kijito na kujazwa wakati wa mafuriko, badala ya kukata kijito chenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo imetambua kwamba sehemu ya maji hubakizwa kwa mahitaji ya lazima ya binadamu na kwa viumbe wa majini. Tena tusiwabebeshe wahandisi peke yao. Uzio wa migono unaokata mto kutoka ukingo hadi ukingo hufanya kazi ile ile ya ukuta. Katika Ziwa Victoria ningu, ambaye hupanda mitoni kutaga, alipungua sana baada ya nyavu kutegwa kwenye midomo ya mito.

Kwa kupima maendeleo, tunashauri zoezi moja tu. Kila kikundi kichore kalavati la njiani mwao lilivyo, na karibu yake walichore jinsi ambavyo wangelijenga wao, wakiandika vipimo. Mchoro usio na vipimo urudishwe. Mchoro mbaya wenye vipimo vya kweli upewe alama nzuri.