JIOGRAFIA KATIKA CHUO KIKUU: KWA NINI HAPA, WALA SI PALE?

Wako wazazi wengi ambao, kijana wao akiwaambia kwamba ataka kusoma jiografia katika Chuo Kikuu, huguna. Uganga faida yake yajulikana, sheria yajulikana, na uhandisi pia wajulikana. Bali jiografia, wasema, ni kukariri majina ya mito na milima, na mtu aliyekwisha kumaliza shule ya sekondari amekwisha kuyajua ya kutosha. Ada ya chuo si haba, na mzazi aliyeuza ng'ombe ili mtoto asome ana haki ya kuuliza atapata nini. Makala haya yataka kumjibu mzazi huyo, na kumweleza kijana mwenyewe kazi inayomngoja.

MAANA YA ELIMU HII

Neno "jiografia" asili yake ni lugha ya Wayunani, na maana yake ni kuiandika dunia. Eratosthenes, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Iskanderia, Misri, zaidi ya miaka 200 kabla ya kuzaliwa Kristo, alitaka kujua ukubwa wa dunia. Alipata habari kwamba katika mji wa Syene, ambao siku hizi waitwa Aswan, siku moja katika mwaka jua la adhuhuri husimama utosini, na vitu havina kivuli. Siku ile ile huko Iskanderia kivuli kilikuwapo. Alikipima, akaona kwamba miale ya jua imeinama sehemu moja katika 50 ya duara. Umbali wa baina ya miji hiyo miwili ulihesabiwa kuwa stadia 5,000. Basi akazidisha mara 50, akapata stadia 250,000 kuwa mzingo wa dunia nzima. Hakuizunguka dunia, alitumia kivuli, umbali na akili.

Pwani yetu nayo ilikuwa na wajuzi wake. Manahodha wa majahazi walijua kwamba kaskazi huanza kuvuma karibu na Desemba, ikawaleta kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kwamba kusi ikishika nguvu ndiyo itakayowarudisha. Biashara yote ya Lamu, Mombasa na Kilwa ilisimama juu ya elimu hiyo ya pepo.

Kwa hiyo jiografia si orodha ya majina. Majina ni kama herufi: hapana budi kuyajua, lakini mtu hasemi kwamba amesoma kwa kuwa ajua herufi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu huulizwa swali moja kwa namna nyingi: Kwa nini kitu hiki kiko hapa, wala hakiko pale? Na kwa kuwa kiko hapa, watu watapata faida gani au hasara gani?

MFANO WA MJI WA NAIROBI

Tuchukue mfano ambao kila msomaji aujua. Kwa nini Nairobi iko pale ilipo? Hapakuwa na bandari, wala machimbo, wala mji wa kale. Wamaasai walipaita mahali pale Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika pale mwaka 1899. Mbele yake nchi inapanda milima, kisha inaporomoka ghafula katika Bonde la Ufa. Wajenzi walihitaji mahali tambarare pa kuweka karakana na mabehewa kabla ya kuanza kazi hiyo nzito, na walihitaji maji. Vyote viwili vilipatikana hapo. Reli ikaendelea hadi Kisumu, ikafika mwaka 1901, lakini kambi ya Nairobi haikuondoka. Ikawa mji, na hatimaye mji mkuu wa Kenya.

Lakini jibu hilo ni nusu tu. Mahali pazuri pa kuweka mabehewa si lazima pawe pazuri pa kuweka watu. Sehemu kubwa ya uwanda ule ina udongo mweusi mzito usiopitisha maji upesi, na mvua ikinyesha sana maji hutuama. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika mji uliokuwa bado mchanga. Miaka mingi baadaye, mwezi wa Aprili mwaka 1924 haukuwa na watu wengi wa kudhurika kama mwezi wa Aprili mwaka 2024, mafuriko yalipoharibu nyumba na kuua watu, hasa wale waliokaa kando ya mito katika mitaa kama Mathare. Mvua peke yake haikuwa sababu yote. Udongo, mteremko, saruji iliyofunika ardhi, na umaskini uliowapeleka watu kukaa ukingoni mwa mto, vyote vilishirikiana. Mwanafunzi wa jiografia ndiye afundishwaye kuvitazama vyote pamoja, wakati wengine hutazama kimoja kimoja.

YANAYOFUNDISHWA

Katika vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki, kama Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, somo hili lina matawi makubwa mawili. Tawi la kwanza ni jiografia ya maumbile: milima na mabonde yalivyofanyika, tabia ya nchi, mito, udongo na mimea. Hapo ndipo mwanafunzi ajifunzapo kwa nini maji ya Ziwa Naivasha hunyweka, ilhali ya Ziwa Magadi yamejaa magadi. Yote mawili yako katika Bonde la Ufa, na hakuna mto utokao katika lolote kati yao. Lakini maji ya Naivasha hupenya chini ya ardhi yakaondoka na chumvi yake. Ya Magadi hukauka kwa jua, na chumvi ikabaki.

Tawi la pili ni jiografia ya wanadamu: wanapokaa na kwa nini, wanavyolima, wanavyohama, miji inavyokua, na bidhaa zinavyosafiri. Hapa yafaa kulitaja jina la Profesa Simeon Ominde, mwanajiografia wa Kenya, ambaye kitabu chake cha mwaka 1968 kilieleza habari za ardhi na kuhama kwa watu nchini. Ndiye aliyeiongoza tume ya elimu ya mwaka 1964, mara tu baada ya Uhuru. Mtu aliyejua watu wako wapi ndiye aliyeulizwa shule zao ziweje.

Juu ya matawi hayo kuna vyombo vya kazi, na cha kwanza ni ramani. Tuseme unayo ramani ya kipimo cha 1 kwa 50,000. Sentimita moja juu ya karatasi ni mita 500 juu ya ardhi. Kutoka kijijini hadi kisimani ni sentimita 4, yaani kilomita 2. Mistari ya kontua imeachana kwa mita 20, na njia yapanda nafasi 10 za mistari hiyo, yaani mita 200. Basi kwa kila mita 10 za mwendo, mwanamke abebaye maji hupanda mita 1. Sasa wajua kwa nini mwenye kuona karatasi tu husema kisima ki karibu, na mwenye kubeba ndoo husema ki mbali.

Siku hizi ramani hutengenezwa pia kwa picha za setilaiti, na kompyuta huziweka habari nyingi juu ya ramani moja: mvua, barabara, zahanati, idadi ya watu. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa mwaka 1972, na kwa picha za namna hiyo twaweza kuona jinsi maziwa ya Bonde la Ufa, kama Baringo na Nakuru, yalivyopanda tangu miaka ya 2010 hata yakameza mashamba, nyumba na shule. Kwa sababu hiyo mwanafunzi hana budi kujua hesabu na takwimu. Anayekimbia hesabu kwa kuchagua jiografia amekimbilia mahali asipoweza kujificha.

FUNZO LA MACHAKOS

Lakini chombo kilicho bora kuliko vyote ni miguu. Kila mwanafunzi hupelekwa nje kutazama, kupima na kuuliza. Habari ya Machakos yaonyesha kwa nini jambo hili lina uzito.

Katika miaka ya 1930 vilima vya Ukambani vilikuwa vimechimbika kwa mmomonyoko. Maofisa wa serikali ya kikoloni walitazama, wakahukumu: watu wamezidi, mifugo imezidi, na nchi inakufa. Mwaka 1938 walianza kuwapunguzia watu ng'ombe kwa nguvu. Wakamba hawakukubali, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kwa maelfu kupeleka malalamiko yao, na amri ile ikalegezwa. Hata hivyo fikira kwamba watu wengi huiua ardhi ilibaki katika vichwa vya wengi.

Mwaka 1994 kilitolewa kitabu cha wataalamu watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, waliochungua habari za wilaya ile ya zamani tangu mwaka 1930 hadi 1990. Walilinganisha picha za zamani na picha mpya za vilima vile vile, wakapima matuta, wakahesabu mavuno, wakaongea na wazee. Wakaona jambo lililowastaajabisha wengi. Watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, lakini mmomonyoko ulikuwa umepungua, miti imeongezeka, na mavuno ya kila eka yamezidi. Wakulima walikuwa wamechimba mifereji kukata mteremko, wakatupa udongo upande wa juu, matuta yaitwayo "fanya juu". Walifanya hivyo kwa kuwa kahawa, matunda na mboga zilikuwa na soko, Nairobi haikuwa mbali, na shamba lililokuwa mali ya mtu lilistahili jasho lake.

Si kwamba habari yote ilikuwa njema. Wataalamu waliokuja baadaye walionyesha kwamba faida haikuwafikia watu wote sawasawa. Mwenye mshahara wa mjini aliweza kutengeneza shamba lake, na asiye nao alibaki nyuma. Wala dawa iliyofaa Machakos haitafaa kila nchi kavu iliyo mbali na soko. Lakini twajifunza kwamba hukumu ya kwanza ilikosea si kwa kuwa mmomonyoko haukuwapo, bali kwa kuwa walioutazama hawakuuliza watu wale wangeweza kufanya nini kama wangekuwa na njia. Walihesabu ng'ombe, wakasahau kuhesabu akili za wenye ng'ombe. Makosa ya namna hiyo huwaondoa watu katika mashamba yao na mifugo katika maboma. Ndiyo sababu nchi yahitaji vijana waliofundishwa kupima kabla ya kuhukumu.

KAZI BAADA YA SHAHADA

Wengi huwa walimu, na hiyo ni kazi ya heshima. Wengine huingia katika mipango ya miji na wilaya, hali ya hewa, ulinzi wa misitu na maji, hesabu ya watu, utengenezaji wa ramani, na huduma za kuwaokoa watu wakati wa ukame na mafuriko. Hatuwezi kumwambia mzazi kwamba shahada hii ni ufunguo wa kila mlango. Kijana aliyeishika pamoja na ujuzi wa takwimu na wa ramani za kompyuta ana nafasi zaidi kuliko yule aliyekariri tu kwa ajili ya mtihani. Yafaa alijue hilo tangu mwaka wa kwanza, si siku ya kuvaa joho.

Naye kijana asingoje chuo ndipo aanze. Aweke chombo cha kupimia mvua nyumbani kwao, aandike kila asubuhi milimita zilizonyesha. Baada ya mwaka mmoja atakuwa na habari za kijiji chake ambazo pengine hazimo katika kitabu chochote. Aufuate mto wa kwao hadi chimbuko lake. Awaulize wazee msitu ulifika wapi walipokuwa watoto. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Na nchi nayo, ukiiona imekaa kimya, imefanywa hivyo na maji, pepo, moto wa chini na mikono ya watu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza sababu mbili zilizofanya reli ijenge kambi yake mahali pa Nairobi, na sababu moja inayofanya mahali hapo pawe na hatari ya mafuriko.

2. Katika ramani ya 1 kwa 50,000, shule na soko zimeachana kwa sentimita 7. Umbali wake ni kilomita ngapi?

3. Kwa nini ziwa moja katika Bonde la Ufa huwa na maji matamu na jingine maji ya magadi?

4. Taja jambo moja katika kijiji chako ambalo wageni hulihukumu vibaya kwa kuwa hawakuuliza. Ungelipima namna gani ili kuwaonyesha ukweli?

Swali la nne halina jibu katika ukurasa huu. Atakayelijibu vema amekwisha kuanza kusoma jiografia.