Harufu ya Kuungua Katika Gari la Mashindano: Somo la Msuguano na Joto

Mwanachuo aendaye mazoezi ya kufundisha hupimwa kwa mambo mengi: andalio la somo, matumizi ya ubao, sauti, vifaa. Lipo jambo moja ambalo sisi wakufunzi aghalabu hulisahau, nalo ni namna anavyolipokea swali asilolitazamia.

Siku moja tuliketi nyuma ya darasa la sita, tukimsikiliza mwanachuo akifundisha msuguano. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, jana gari la mashindano lilisimama karibu na kwetu. Lilinuka kama kitu kinachoungua, lakini hatukuona moto. Kilikuwa kinaungua nini?" Mwanachuo akajibu, "Petroli," akaendelea na somo. Ubao wake ulikuwa safi, nasi tukampa alama nzuri. Tulipokuwa njiani kurudi chuoni ndipo tulipotambua kwamba swali lile lilikuwa ndilo somo lenyewe, na kwamba sisi tuliliacha lipite kama yeye.

Jibu lile lilikuwa na makosa, tena makosa yenye hatari. Petroli huungua ndani ya silinda wakati wote injini inapofanya kazi. Mtoto akiamini kwamba harufu ya kuungua ni petroli tu, siku moja atakuwa ndani ya basi linaloteremka mlima mrefu, ainuse harufu hiyo, na akae kimya.

Ayajuayo mwalimu kwanza

Gari linalokwenda lina nishati mwendo. Ili lisimame, nishati hiyo haina budi kwenda mahali. Breki huigeuza kuwa joto kwa msuguano: pedi hubana diski ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Tuchukue gari la kilo 1,200 likienda kilometa 90 kwa saa, yaani meta 25 kwa sekunde. Nusu ya 1,200, mara 25, mara 25 tena, ni jouli 375,000. Joto hilo latosha kuifikisha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 za Selsiasi hadi kuchemka, na jingine likabaki. Ikiwa diski zake nne zina jumla ya kilo 20 za chuma, kusimama mara moja kutazipandisha nyuzi 40 hivi. Dereva akirudia mara 10 bila kuzipa nafasi ya kupoa, tunakaribia nyuzi 400.

Hivyo ndivyo liendeshwavyo gari la mashindano. Wengi Afrika Mashariki wanayajua Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953. Mwaka 1971 na tena 1973 yalishindwa na gari dogo la spoti, Datsun 240Z. Katika mashindano ya namna hiyo dereva hukimbia, hufunga breki kabla ya kona, hukimbia tena, na breki hazipati muda wa kupoa. Pedi huundwa kwa vitu vilivyoshikanishwa na gundi ngumu. Joto likizidi, gundi hiyo huanza kuvunjika na kutoa gesi yenye harufu kali. Ndiyo sababu mtoto yule alinusa kuungua bila kuona moto.

Hata hivyo, si kila harufu ya kuungua ni ya breki. Mwalimu azifahamu hizi:

(a) Harufu kali itokayo kwenye magurudumu: pedi za breki.
(b) Harufu inayofanana nayo, lakini itokayo chini ya gari baada ya kuondoka kwa nguvu au kupanda mlima: klachi inayoteleza.
(c) Harufu ya mpira: matairi yaliyoburuzwa barabarani.
(d) Harufu ya mafuta yaliyoungua: mafuta ya injini yanayovuja na kudondokea bomba la moshi.
(e) Harufu tamutamu: maji ya rejeta yaliyotiwa dawa ya kupoza, nayo yanavuja.
(f) Harufu ya plastiki: nyaya za umeme. Hapo dereva asimame na kuzima gari mara moja.

Petroli mbichi ina harufu yake yenyewe, nayo ni hatari kubwa: injini izimwe, watu waondoke, na asiwepo wa kuwasha kiberiti.

Hatua za somo

Hatua ya kwanza. Mwalimu aanze na swali la mtoto, aliandike ubaoni kama lilivyoulizwa. Asilijibu. Awaulize wanafunzi: harufu ilitoka sehemu gani ya gari? Gari lilikuwa limefanya nini kabla ya kusimama?

Hatua ya pili. Wanafunzi wasugue viganja polepole, kisha kwa kasi, kisha kwa kukandamiza. Waeleze tofauti kwa maneno yao wenyewe.

Hatua ya tatu. Baiskeli ipinduliwe, isimame juu ya usukani na kiti. Kabla ya kuanza, wanafunzi waguse ukingo wa gurudumu la nyuma ili wajue ubaridi wake. Mmoja azungushe pedeli, mwingine abane breki kidogo kwa nusu dakika. Gurudumu likisha kusimama kabisa, waguse tena. Vidole visikaribie spoki wala mnyororo likiwa linazunguka.

Hatua ya nne. Mwalimu awaombe wawaulize wazee nyumbani habari za kupekecha moto kwa ulindi na uwimbombo. Kipi kilitangulia: joto, harufu, moshi, au mwali? Majibu yaletwe kipindi kifuatacho. Hapo watajionea kwamba harufu ni mjumbe atanguliaye.

Hatua ya tano. Sasa warudi kwenye swali lililo ubaoni, walijibu wao.

Somo na maisha

Somo lisiishie kwenye mashindano. Dereva wa mashindano akimaliza mbio huenda mwendo wa polepole kwa dakika chache ili upepo upoze breki. Hamwagii maji diski yenye moto, kwa maana chuma kikipozwa ghafula huweza kupinda au kupasuka. Harufu ikitoweka baada ya kupoa, na breki zikishika vema, huenda hakuna kilichoharibika. Lakini harufu hiyo ikitokea katika mwendo wa kawaida, huenda breki moja imekwama, na fundi aitazame.

Katika mteremko mrefu, jambo ni zito zaidi. Mafuta ya breki yakipata joto jingi huchemka na kufanya mapovu ya mvuke. Mvuke hubonyea, na pedali huzama bila gari kupunguza mwendo. Kwa hiyo dereva mwangalifu huteremka kwa gia ndogo, injini imsaidie kulizuia gari. Abiria anusaye harufu kali kutoka magurudumuni ana haki ya kumwambia dereva kwa adabu, hata akiwa mtoto wa darasa la sita.

Tathmini

Mwalimu asiulize tu, "Msuguano ni nini?" Aulize: "Umo ndani ya basi literemkalo, unasikia harufu kali kutoka magurudumuni. Ni nini kinachotokea, nawe utafanya nini?" Atakayejibu sehemu zote mbili amelielewa somo.

Nasi tuna neno moja kwa mwanachuo. Utaulizwa maswali usiyoyajua, kama sisi tunavyoulizwa hadi leo. Kusema "Sijui, natutafute pamoja" hakukuondolei heshima mbele ya darasa. Tangu siku ile, katika karatasi tunayokwenda nayo kukagua mazoezi ya kufundisha, tumeongeza mstari mmoja: "Mwanafunzi aliuliza nini, na mwalimu alilifanyia nini swali lake?" Mstari huo ukibaki mtupu, hatutoi alama ya juu, hata ubao ukiwa safi namna gani.