Kuku wa Mayai kwa Feza Kidogo



Wengi wetu tunalipa minervali kwa mayai ya kuku wa mama. Mwaka uliopita, kwetu nyumbani kulikuwa kuku 14. Kwa wiki moja tu 12 walikufa na kideri, ule ugonjwa wa kuharisha kijani na kupinda shingo. Minervali yangu ikakosa. Basi nimejifunza: kufuga kwa bei ndogo si kumuacha kuku peke yake.

1. Chakula. Mchana anajitafutia wadudu na majani. Jioni umuongezee mahindi kidogo na mchwa. Maganda ya mayai uyakaushe motoni, uyasage, umpe. Bila chokaa yai linakuwa laini.

2. Kiota. Weka nyasi kavu pahali pa giza. Okota mayai kila siku, bakisha moja. Ukiacha mengi ataatamia, na akiatamia zile siku 21 hatagi.

3. Jogoo. Kwa mayai ya kuuza si lazima. Kuku anataga bila yeye.

4. Ugonjwa. Kideri hakina dawa ya kuponyesha, iko chanjo tu, inarudiwa kila miezi 3 ao 4, kuku wangali wazima. Chupa moja inatosha kuku wengi, kwa hiyo majirani wachange pamoja. Kuku mpya akae mbali na wengine wiki 2.

Ukirudi kwenu likizo, anza na chanjo. Sisi tulianza na mahindi, tukazika kuku walioshiba.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita