Kumfuata mtoto shule ya mbali: pesa inayobaki ni ngapi?

Akina mama kadhaa wanaolea watoto nyumbani kwa kujiajiri, wale ambao karatasi za hapa zinawaita indépendant, wameniuliza swali moja. Mzazi wa upande wa pili wa Brussels anaomba umchukue mtoto wake shuleni na ukae naye hadi jioni. Ukubali? Fanya hesabu kwanza, na uianze na saa. Kilomita hapa hazisemi kitu.

Tuchukue mfano. Unakaa Anderlecht, karibu na metro ya Saint-Guidon. Shule iko Stockel, mwisho wa laini ya 1. Watoto wanatoka saa tisa na nusu alasiri (15:30), na mzazi anafika kwako saa kumi na mbili jioni (18:00). Anakupa yuro 15 kwa siku. Ukigawanya kwa saa mbili na nusu unaona yuro 6 kwa saa, na roho inatulia.

Lakini mlango uliufunga saa ngapi? Weka kutembea, kungoja na kubadilisha laini, utakuta ulitoka saa nane na dakika 35 mchana. Basi umefanya kazi saa tatu na dakika 25. Toa nauli, tuseme yuro 5 kwenda na kurudi: zinabaki 10. Toa michango ya hifadhi ya jamii, ambayo kwa anayejiajiri ni asilimia 20.5 ya mapato baada ya gharama: zinabaki yuro 7.95. Gawanya kwa saa zako zote. Ni yuro 2.33 kwa saa, na kodi bado. Mwenye abonema ya mwezi ataokoa nauli, lakini muda wake umekwenda vilevile.

Sasa weka pembeni yake watoto wawili wa shule ya jirani, kila mmoja yuro 10. Unatoka dakika kumi kabla ya kengele, kwa miguu. Yuro 20 ukitoa michango ni 15.90, kwa saa mbili na dakika 40. Hiyo ni karibu yuro 6 kwa saa. Mteja wa mbali anayeonekana kulipa vizuri ndiye anayelipa kidogo.

Jumatano ni habari nyingine, kwa sababu shule zinafungwa adhuhuri. Safari ni ileile, lakini mtoto anakaa saa sita. Kwa bei ileile ya yuro 6 kwa saa utapata yuro 36, na ukitoa nauli na michango, kila saa yako inakuachia karibu yuro 3.50. Bado si nyingi. Omba ada ya usafiri iandikwe peke yake, nje ya bei ya malezi, au mkubali mzazi mwenye watoto wawili shule moja. Mimi ningechukua Jumatano tu na siku nyingine ningekataa kwa heshima.

Kuna jambo linalopita pesa. Kama una watoto wachanga nyumbani, nani anabaki nao wakati uko kwenye metro? Jirani hawezi kukushikia nafasi, kwani kibali kina jina lako. Kwa upande wa Kifaransa, anayelea mara kwa mara watoto wasio wa ukoo wake walio chini ya miaka 12 lazima ajiandikishe ONE, na kwa walio chini ya miaka 6 lazima apate kibali kabla ya kuanza. Upande wa Kiholanzi ofisi inaitwa Opgroeien. Uliza huko kama safari yenyewe inaruhusiwa.

Wenye gari wananiambia gari litaharakisha. Tangu tarehe 1 Januari 2021 mitaa mingi ya Brussels ni kilomita 30 kwa saa. Mtoto asiyefika sentimita 135 lazima awe na kiti chake, na magari ya zamani yanazuiwa na sheria ya hewa safi iliyoanza 2018. Piga simu kwa bima pia, uulize kama gari linaruhusiwa kubeba watoto wa kazi.

Ukikubali, andikeni karatasi: siku gani, saa gani, ada ya usafiri, na nani analipa gharderi ya shule siku metro imegoma. Mzazi aandike jina lako shuleni, la sivyo mwalimu hatakupa mtoto.

Kumbuka pia kwamba anayejiajiri kama kazi yake kuu ana mchango wa chini kabisa, zaidi ya yuro 800 kila miezi mitatu, hata akipata kidogo. Kwa maswali ya kujiajiri piga 1819, ni huduma ya Mkoa wa Brussels na ni bure. Ukija kwangu tufanye hesabu pamoja, leta saa ulizotoka na kurudi kwa wiki moja, zikiwa zimeandikwa.