Kisiwa cha Chumbe: Wageni, Maji na Matumbawe

Mnara wa taa wa Chumbe, kusini mwa mji wa Unguja, ulijengwa mwaka 1904 ili kuongoza vyombo vya baharini. Upande wa magharibi wa kisiwa upo mwamba wa matumbawe ambao Serikali ya Zanzibar iliutangaza kuwa hifadhi mwaka 1994. Wageni hulala katika nyumba saba tu. Idadi hiyo yaweza kuonekana kuwa hasara ya biashara, lakini sababu yake imo katika jiwe lenyewe.

Chumbe ni jiwe la matumbawe ya kale, lenye matundu mengi na udongo haba mno. Maji baridi ya kisima hayapo. Penye udongo wa kina, maji machafu huchujwa yapenyapo taratibu. Katika jiwe la namna hii hupita upesi hadi baharini, yakichukua nitrojeni na fosforasi. Kwa shamba la mahindi hiyo ni mbolea. Kwa matumbawe ni balaa. Tumbawe ni mnyama aishiye kwa ushirika na mwani mdogo sana uliomo mwilini mwake, ambao humlisha sukari uitengenezayo kwa mwanga wa jua. Ushirika huo hustawi katika maji maangavu yenye virutubisho vichache. Vikizidi, mwani wa aina nyingine humea juu ya mwamba na kuyafunika matumbawe.

Kwa hiyo vyoo vya Chumbe ni vya mboji, visivyotumia maji. Maji ya kuogea huchujwa, kisha hupitishwa katika bustani ya mimea ifyonzayo virutubisho. Mvua hukingwa mapaani na kuhifadhiwa katika mabirika. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya meta 1 ya mraba ni lita 1. Paa la meta za mraba 100 likipata milimita 50 huvuna lita 5,000, pasipo kuhesabu kinachopotea. Kila mgeni aongezwaye hugawana birika lile lile.

Kuvua katika hifadhi kumekatazwa, na hilo si jambo dogo kwa mvuvi mwenye familia. Baadhi ya wavuvi waliajiriwa kuwa walinzi. Samaki wakubwa walioachwa hutaga mayai mengi zaidi, na wengine huvuka mpaka.

Joto la bahari, hata hivyo, halizuiwi na mlinzi. Mwaka 1998, na tena 2016, matumbawe ya pwani hii yalipauka, yaani yalipoteza mwani wake. Hupona endapo joto litashuka mapema.