Bunduki ya Babu na Kanga wa Janga

*Bwana Mhariri, marehemu babu aliniachia bunduki ya marisau, kasiba mbili zenye mawimbi mithili ya hariri. Natamani kuwindia kanga, lakini nachelea kuiharibu. Nifanyeje? — Msomaji, Janga*

Ndugu yangu, wachelea kuiharibu amana ya babu, nami nauchelea zaidi uso wako. Kwani mawimbi hayo aghalabu ni dalili ya kasiba zilizosokotwa kwa chuma na feleji, zilizokusudiwa baruti nyeusi ya karne ya 19, ambazo risasi za leo, zenye baruti isiyo moshi, zaweza kuzipasua mkononi. Usiifyatue kabla fundi wa bunduki hajaipima. Na ikiwa ingali kwa jina la marehemu, wasiliana na polisi leo, kwani Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haitambui urithi wa kimya kimya. Kibali cha kuwinda ni shauri jingine. Mimi ningewinda kwa bunduki mpya.