Walitoka Harvard, wakaanza na magauni ya saizi zao wenyewe

Darasa la leo ni refu kidogo, kwa hiyo kama uko na wateja, hifadhi posti hii uisome ukishafunga mahesabu.

Juzi mdogo wangu mmoja anayeuza madera mtandaoni aliniandikia hivi: "Dada, nina milioni 2. Kuna kozi ya biashara nimeiona, ada yake inakula karibu nusu. Nilipe, au niongeze mzigo? Naona waliotoboa wote wamesoma vyuo vikubwa."

Nikamwambia nipe siku mbili. Nilitaka kwanza tuwaangalie hao waliosoma vyuo vikubwa, tena kile kinachotajwa kuliko vyote, tuone walipotoka pale walifanya nini hasa. Sio yale ya kwenye picha za magazeti. Nataka hatua zenyewe, moja baada ya nyingine.

Chuo chenyewe ni shule ya biashara ya Harvard, iko Boston, Marekani. Ilianzishwa 1908. Kozi yake kuu ni MBA ya miaka 2, na ada peke yake inazidi dola 70,000 kwa mwaka. Chumba na chakula utajua mwenyewe. Kufundisha kwao ni kwa visa: mwanafunzi anapewa habari za kampuni ya kweli iliyofika njia panda, pamoja na namba zake, anaisoma usiku, kesho yake darasa zima linabishana wewe ungekuwa mwenye kampuni ungefanyaje. Kwa miaka 2 wanapitia visa kama 500. Hiyo ya visa ishike, nitairudia.

Sasa, wengi wanaotoka pale hawafungui biashara. Wanaajiriwa: kwenye mabenki, kampuni za uwekezaji, kampuni za ushauri, siku hizi na za teknolojia. Jamie Dimon, aliyemaliza 1982, ndiye bosi wa benki ya JPMorgan Chase. Meg Whitman alimaliza 1979, akazunguka kwenye kampuni za watu karibu miaka 20, akiuza sabuni za Procter & Gamble, akafanya ushauri, akapita Disney, ndipo 1998 akaenda kuongoza eBay ikiwa na wafanyakazi kama 30 tu. Wakenya wanamjua vizuri, maana kuanzia 2022 hadi 2024 alikuwa balozi wa Marekani pale Nairobi. Naye Michael Bloomberg wa darasa la 1966 alikaa kampuni moja ya hisa miaka 15, akafukuzwa 1981, akaanzisha ya kwake. Watu wanapenda kusimulia hiyo ya kufukuzwa ili kutupa moyo. Hawamalizii kwamba aliondoka na dola milioni 10. Mimi nilipoachishwa kazi niliondoka na kikombe changu cha chai.

Kwa hiyo hao tuwaache. Wanaotuhusu sisi ni wale waliouza nguo.

Mwaka 2008 Jennifer Hyman alikuwa mwaka wa pili pale Harvard. Akarudi nyumbani likizo, akamkuta mdogo wake wa kike kanunua gauni la bei mbaya kwa ajili ya harusi ya watu, pesa ambayo kwa kweli hakuwa nayo. Kabati limejaa nguo, lakini anasema hana cha kuvaa, maana zile nyingine zimeshaonekana kwenye picha. (Hili halihitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyewahi kuchangia sare ya sendofu.) Hyman akawaza: kwa nini asikodi? Kukodi gauni la bibi harusi ni jambo la kawaida, lakini magauni ya waalikwa, tena ya wabunifu wakubwa, yakodishwe kwa intaneti? Akamwambia mwenzake wa darasani, Jennifer Fleiss.

Hapa ndo somo lenyewe. Hawakukimbilia kutengeneza tovuti, wala hawakuagiza mzigo wa kujaza stoo. Walinunua magauni kadhaa dukani kwa bei ya kawaida kama mteja yeyote, na wakayachukua ya saizi zao wenyewe, ili biashara ikigoma wabaki nayo wayavae. Kisha wakafanya majaribio matatu.

La kwanza, waliyapeleka kwa wasichana wa shahada ya kwanza hapohapo Harvard. Unakuja, unashika, unajaribu, ukipenda unakodi. Walitaka kujua mambo mawili tu: je, msichana atatoa pesa kuvaa gauni lililovaliwa na mwingine? Na je, litarudi zima? Wakakodi, na magauni yakarudi.

La pili wakaenda chuo kingine, Yale. Safari hii unaliona gauni kwa macho, lakini huruhusiwi kulijaribu. Bado walikodi.

La tatu wakaondoa gauni lenyewe. Wakawatumia wanawake wa New York picha kwa barua pepe, ukipenda agiza. Hapo waliokubali walikuwa sehemu ndogo tu ya waliotumiwa, lakini walikuwepo, na ndo ilikuwa biashara yenyewe waliyotaka kuifanya.

Umeona walivyopanga? Kila jaribio linamnyang'anya mteja kitu kimoja. Kwanza anashika na kuvaa, halafu anaona tu, halafu anabaki na picha. Kwa hiyo kila hatua walijua kilichopungua na kimewagharimu wateja wangapi. Baada ya hapo ndipo wakafungua tovuti yao, Rent the Runway, Novemba 2009.

Sisi wa mtandaoni tunaanzia jaribio la tatu. Tunaposti picha, watu hawanunui, halafu tunabaki kukisia. Bidhaa mbaya? Bei? Picha ina giza? Au watu wanaogopa kutapeliwa? Hatujui, tunabadilisha vyote kwa mpigo, au tunalipia tangazo, pesa inaliwa.

Nisikufiche, mimi mwenyewe nimeshaliwa. Kuna mwaka niliposti pochi moja, watu wakamiminika: "bei dia?", "nzuri jamani", mioyo kibao. Nikachukua pesa ya kodi nikaagiza pochi 120. Nikauza 31. Zilizobaki nimezigawa kwenye sherehe za ndugu mpaka wakaanza kunitania. Baadaye sana ndo nilikuja kumpelekea shoga yangu mmoja mkononi, akaishika, akasema, "Kumbe ngumu hivi? Kwenye picha inaonekana laini." Jibu moja la dakika moja, na lingeniokoa pesa yote ile kama ningelipata mapema.

Kwa hiyo ukikwama, rudi nyuma kama wale dada wawili. Chukua pisi 6 au 8, usizidishe, peleka mahali watu watazishika: saluni, ofisini kwa rafiki, kwenye kikao cha vikoba. Usiwape bei ya udugu, waambie bei yako ya mtandaoni ileile. Wakinunua pale lakini kwenye picha hawanunui, bidhaa yako haina tatizo na bei haina tatizo. Shida iko kwenye picha, maelezo ya saizi, au kuaminika. Piga upya mchana karibu na dirisha, andika vipimo kwa sentimita, weka video kitambaa kikivutwa kwa mkono. Lakini kama wameshika, wamegeuzageuza, wakarudisha, basi hata ulipie matangazo mwezi mzima hutauza. Badilisha bidhaa au bei.

Na unapohesabu, hesabu pesa tu. "Bei?" sio mteja. "Niwekee" sio mteja. Aliyelipa, au aliyetoa kianzio, huyo ndo mmoja. Ukichukua kianzio kabla hujaagiza, mwambie tarehe mzigo utakapofika, na mwambie oda zisipotimia unamrudishia pesa yake yote siku fulani. Halafu mrudishie kweli, siku hiyohiyo. Hii biashara ya mtandaoni imeharibiwa na watu waliosema "kesho" mara 9.

Kuna mwingine, Katrina Lake. Naye alianza akiwa bado mwanafunzi wa Harvard, 2011, kwenye nyumba aliyopanga. Aliwapa wanawake maswali ya kujaza, saizi zao, wanachopenda na wasichopenda, halafu anaingia madukani mwenyewe, ananunua nguo, anampelekea kila mmoja boksi. Unabaki na unazotaka, nyingine zinarudi. Kampuni ikaitwa Stitch Fix, na mwaka 2017 iliingia kwenye soko la hisa.

Kwake nataka uibe vitu viwili. Kimoja ni ada ya dola 20. Mteja anailipa kwa kazi ya kuchaguliwa nguo, na akinunua hata moja, ile 20 inakatwa kwenye bei. Kwetu hii inatibu ugonjwa wa "lete niangalie". Mteja analipa nauli ya bodaboda kwanza, unampelekea madera 3 achague, akichukua moja unamkatia nauli kwenye bei. Asipochukua, hujapoteza nauli. Piga hesabu faida yako ibebe nauli hiyo kabla hujaahidi. Kama kwenye dera unapata 5,000 na nauli ni 4,000, usijaribu.

Cha pili ni maswali. Kila nguo iliyorudi, mteja anaulizwa kwa nini: ndefu, inabana, rangi, bei. Wewe una daftari? Mteja akirudisha tunanuna, wakati ametupa habari ya bure. Andika. Ukiona "mikono inabana" imejirudia mara 4, unajua cha kumwambia fundi au msambazaji wako.

Haraka haraka niwataje na wengine, maana kuna wanaodhani lazima uache kazi ili uonekane uko makini. Anthony Tan na Tan Hooi Ling walikutana Harvard, wazo lao la kuita teksi kwa simu likashika nafasi ya pili kwenye shindano la chuo 2011, na Juni 2012 wakaanza Malaysia. Leo inaitwa Grab. Anthony ametoka familia tajiri ya magari. Hooi Ling alisomeshwa na mwajiri wake, kampuni ya ushauri ya McKinsey, kwa hiyo akarudi kuitumikia, na Grab akaja kuingia moja kwa moja 2015. Mwanzilishi mzima, na alikuwa na mshahara kwingine. Na kwa Afrika, Tunde Kehinde na Raphael Afaedor, nao wa Harvard, walikuwa kati ya walioanzisha Jumia Nigeria 2012. Huko ilibidi mteja aruhusiwe kulipa mzigo ukishafika, maana bila hivyo watu hawakuamini. Tanzania Jumia ilifunga Novemba 2019. Jina la chuo halikuzuia hilo.

Hata wale dada wa magauni hawakusalimika. Ilipokuja korona 2020, sherehe zikasimama, wakafunga maduka yao yote. Mwaka 2021 waliingia soko la hisa na bei ya hisa ikaporomoka vibaya. Pia waligundua kwamba kumpata mteja ni sehemu tu ya kazi. Gauni likirudi lazima lifuliwe, lishonwe lilipochanika, lipakiwe, liondoke tena, na wakajikuta wanaendesha moja ya drai klini kubwa kuliko zote. Kama unawaza kukodisha magauni, anza kwa kumuuliza dobi bei, kisha ndo uulize bei ya gauni.

Sasa jibu la mdogo wangu. Nilimwambia: kama cheti hicho kuna mwajiri anakihitaji, lipa, kitakulipa. Kama unataka kwa ajili ya madera tu, subiri kwanza. Kwenye milioni 2 toa laki na nusu, fanya jaribio la kushika, halafu la picha, uone. Milioni 1 na laki 8 na nusu isiguswe mpaka daftari liseme kitu.

Na ile elimu ya visa unaweza kuipata kwenye kundi lako la WhatsApp. Kila Jumapili mmoja analeta kisa chake na namba zote wazi: alinunua kwa ngapi, nauli ngapi, kauza ngapi, kabaki na nini. Wengine wabishane afanye nini. Marufuku "hongera dia". Ukitaka kuchangia, sema wewe ungefanyaje na kwa pesa gani. Ukiona aibu kutaja faida yako mbele ya watu 10, tafuta watatu unaowaamini.

Jana usiku amenijibu. Kapeleka madera 8 kwenye kikao cha vikoba cha mama yake, kauza 5, wawili wamesema shingo ni pana, mmoja kaulizia zambarau. Picha anapiga Jumamosi.